Nyumba ya Bibi inaumwa kichwa

Nyumba yenyewe iko Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye uchochoro ambao mkokoteni ukiingia, anayekuja mbele hana budi kurudi alikotoka. Ina chini na ghorofa mbili, ua katikati, baraza mbili mlangoni, na ngazi ya mawe isiyokuwa na vidato viwili vinavyolingana kimo. Bibi yangu ameishi humo tangu alipoolewa. Kufikia mwanzoni mwa 2022 alikuwa amebaki peke yake ghorofa ya kwanza. Vyumba vya juu vilikuwa vimefungwa, na vya chini vilikuwa ghala ya mpangaji aliyekwishaondoka.

Sisi tulikuwa sita: mimi, mke wangu na watoto wanne, tukipanga nyumba ya matofali Mwanakwerekwe. Mwezi wa Januari Bibi aliteleza bafuni. Hakuvunjika, lakini alikaa sakafuni tangu alasiri mpaka magharibi, mpaka mtoto wa jirani aliposikia anaita. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala. Februari tukahama, na sisi ndio tukawa watu wa kukaa na Bibi na kuitengeneza nyumba.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua familia nyingi ziko tulipokuwa sisi. Nyumba ya wazee ipo, kodi inauma, na kila unayemuuliza anakwambia: pigeni rangi muingie. Tulipiga rangi. Huko ndiko tulikoanzia kuharibu.

Chumba cha chini cha mbele, ambacho tulikitaka kiwe cha watoto wakubwa, ukuta wake ulikuwa unamomonyoka kuanzia sakafuni mpaka kiunoni. Ukipitisha kiganja, unabaki na unga mweupe unaochoma ukiuonja, maana ni chumvi. Fundi tuliyemleta alikuwa kijana hodari wa nyumba za matofali. Akabandua chokaa ya zamani yote, akapiga lipu ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta ili ukuta ufutike watoto wakiuchafua. Ukapendeza kweli. Ghorofa ya pili tukajenga bafu jipya lenye vigae, kwa kuwa bafu moja kwa watu saba halitoshi asubuhi ya skuli. Na juu ya bafu hilo, darini, tukaweka tangi la plastiki la lita 1,000.

Masika yakaja na Ramadhani. Usiku mmoja wa Aprili tumeamka kula daku, mvua inapiga bati huwezi kusikia adhana, tone likaanguka katikati ya sinia. Tukalisogeza sinia. Tone la pili likaanguka kwenye bega la binti yangu. Nikanyanyua taa ya simu, nikaona dari ya chumba cha kulia ina doa kubwa linalong'aa, na maji yanafuata waya wa umeme kuelekea kwenye swichi. Nilikwenda kuzima swichi kuu gizani, miguu pekupeku, jambo ambalo sasa ninajua halifanywi hivyo. Watoto wote walimaliza usiku kwenye kitanda cha Bibi.

Asubuhi tukashuka chini. Ukuta wetu mpya ulikuwa umevimba. Ukiugonga kwa vidole unalia utupu: lipu imeachana na mawe, imesimama peke yake kama ganda. Lililonishangaza zaidi ni kwamba ile chumvi, iliyokuwa ikikomea kiunoni, sasa ilikuwa imetokeza kifuani, juu ya mstari ambapo saruji iliishia.

Woga wetu haukuwa wa kupoteza rangi tu. Kila mtu wa mjini anaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wawili wakafariki. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultani Barghash, na kuta zake zilikuwa nene kuliko zetu. Mke wangu hakusema neno, alianza kukunja nguo za watoto na kuzipanga kwenye mabegi.

Bibi ndiye aliyemwita mwashi wa zamani. Ni mzee ambaye siku hizi hapandi tena ngazi za kazi, ila alijifunza uashi wa chokaa kwa baba yake. Tulimpa shikamoo, tukampeleka moja kwa moja kwenye ukuta uliovimba. Akautazama kidogo tu, akauliza, "Njia ya juu wapi?" Alipanda polepole, anapumzika kila kona ya ngazi, mpaka chini ya bati. Alikaa huko karibu saa nzima. Aliposhuka alisema maneno ambayo mpaka leo yanatajwa nyumbani: "Mwanangu, nyumba hii haiumwi miguu. Inaumwa kichwa."

Ili hilo lieleweke, lazima nieleze nyumba hizi zimejengwaje, kwani mimi mwenyewe nimekulia mjini na sikujua. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na zaidi. Mawe hayo yana vitundu, yanakunywa maji, na chokaa inayoyashika inayaachia maji yatoke. Ukuta wa namna hiyo haukauki kabisa maisha yake yote. Unalowa masika, unakauka kaskazi, na mradi una pa kupumulia haudhuriki. Dari na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko, vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta huku na huku. Boriti nzuri ya kubeba sakafu haiendi mbali sana, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Hakuna aliyependa chumba chembamba. Ni mti ndio uliopima. Upana wa chumba cha Bibi ni mita mbili na nusu na kidogo, urefu wake ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sasa ukiweka saruji na rangi ya mafuta juu ya ukuta kama huo, umeuziba pua. Maji yaliyomo ndani hayatoki kwa mbele tena, yanapanda kutafuta pa kutokea, na chumvi yanayoibeba inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka iachie. Fundi wetu kijana hakufanya kazi mbovu. Alifanya kazi ya nyumba nyingine. Na hata angepiga chokaa, ukuta ungeendelea kulowa, kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kutoka juu.

Yalikuwa yanaingia hivi. Kati ya bati letu na ukuta wa jirani kuna mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye mlizamu wa nyuma. Mdomo wa mlizamu ulikuwa umezibwa na kiota cha kunguru, na mwenye kuwajua kunguru wa Unguja anajua wanavyojenga: vijiti, vipande vya waya, na kamba za plastiki, vimesukwa hata mkono hauvitoi bila koleo. Maji yakikosa njia yanajaa mfereji, na mfereji wenyewe umetoboka kwa kutu, kwa hiyo yanamwagika ndani ya kichwa cha ukuta. Yanashuka taratibu ndani kwa ndani, ghorofa mbili, yanatokeza kwenye chumba cha watoto. Na sisi tulikuwa tunatibu pale yanapotokeza.

Mzee akaomba bisibisi. Chumba cha juu chenye bafu kilikuwa na boriti kumi na moja darini. Alizigusa moja moja, kwanza katikati, kisha pale zinapoingia ukutani. Katikati zote zilikuwa ngumu, bisibisi inadunda. Pembeni, upande wa mfereji, nne ziliipokea bisibisi mpaka kwenye mpini, bila kusukuma, na alipoichomoa ilitoka na unga mweusi wenye maji, kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Alinipa mimi nijaribu. Nilihisi mkono wangu unaingia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Boriti, alisema, hufia kichwani, pale usipopaona, na wewe unatazama tumbo lake unasema nzima.

Na juu ya boriti hizo nne sisi tulikuwa tumeweka tangi. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Tangi lilimwagwa siku ileile, kabla ya futari, watoto wakabeba maji ndoo kwa ndoo kugawa kwa majirani. Katika mambo yote tuliyoyafanya, hilo ndilo ambalo nisingetaka lisubiri hata usiku mmoja zaidi. Siku ya pili dari ikaegemezwa kwa nguzo, na chumba kikafungwa.

Bafu lilikuwa kidonda cha mke wangu, na ninamwelewa, kwani vigae alivichagua yeye na vilinunuliwa kwa pesa yake ya mchezo. Mzee alimwambia kwa upole, tena akimwita mama. Sakafu ya boriti inacheza kidogo watu wakitembea. Saruji na vigae havikubali kucheza, vinapasuka nyufa nyembamba kama nywele, na kila mtu anapooga maji yanapita kwenye nyufa hizo. Wajenzi wa zamani walilijua hilo. Vyoo vya nyumba yetu, chini na ghorofa ya kwanza, vyote viko kwenye pembe moja, kimoja juu ya kingine, vimezungukwa na mawe, na maji yanashuka njia moja mpaka kwenye karo. Bafu letu tulilitia upande wa pili wa nyumba kwa sababu kulikuwa na upepo mzuri na dirisha la kutazama bahari. Likavunjwa. Vigae vilivyotoka vizima, kama nusu hivi, vipo jikoni sasa.

Kulikuwa na tatizo la tatu, dogo kwa kulitazama. Mpangaji wa ghala alikuwa ameuezeka ua kwa bati ili mizigo isilowe, na akamwaga saruji chini juu ya mchirizi wa zamani. Ua ndio unaovuta hewa ya nyumba nzima: joto linapanda kupitia pale na upepo wa uchochoroni unaingia kujaza nafasi yake. Ulipofunikwa, nyumba ikawa chungu chenye kifuniko. Mtoto wetu wa tatu ana pumu, na tangu tuhamie alikuwa anakohoa usiku. Tulipolitoa lile bati nililala siku ya kwanza bila feni. Sisemi bati ndilo lililokuwa linamkohoza, maana kulikuwa na ukungu ukutani pia, ila mama yake alihesabu usiku, na mwezi uliofuata ulikuwa mwepesi.

Mpango ulipangwa kuanzia juu kushuka chini, na ulitukera sana, kwa sababu vyumba tulivyokuwa tunavihitaji vilikuwa chini. Kwanza mfereji na mlizamu, kisha bati, kisha vichwa vya boriti, kisha mabomba na umeme, na kuta mwisho kabisa. Miezi minane, kuanzia Aprili mpaka Disemba, tuliishi watu sita katika vyumba viwili na Bibi kwenye chumba chake. Nyaya zote zilizopita kwenye unyevu zilivutwa upya. Kibali tuliomba kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwani ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, hutengenezi nyumba wala kubadili dirisha bila kibali. Watu wanaliona hilo kama usumbufu. Kwetu lilitulazimisha kuandika kazi yote kwenye karatasi kabla ya kuianza, na karatasi hiyo ndiyo tuliyoitumia baadaye na ndugu.

Nalo ni jambo ambalo wengi hawalisemi. Nyumba ni ya marehemu babu na mirathi haikuwahi kugawiwa. Warithi wapo Unguja, Dar es Salaam na Maskati. Ukitengeneza paa la nyumba kama hiyo kwa pesa zako, umetengeneza mali ya watu wote, na baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka nani alinunua nini. Bibi aliita kikao. Ikakubaliwa paa, boriti na kuta za nje ni za warithi wote kwa mafungu yao. Jiko, rangi na vya ndani ni vyetu sisi tunaoishi. Ami mmoja hakuweza kuchangia. Fungu lake likaandikwa kama deni, na yeye mwenyewe akatia saini mbele ya mashahidi. Naamini kwa dhati kwamba karatasi ile imeokoa udugu wetu. Tungeanza na mfuko wa kwanza wa chokaa bila hiyo, leo tungekuwa hatusalimiani.

Mfereji ule ulikuwa na upande wa jirani pia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Bibi akaniambia nikae, akajifunga kanga, akaenda mwenyewe na sahani ya kaimati. Alirudi baada ya isha: jirani atalipa nusu, na fundi atapitia juu kwake.

Chokaa ndiyo kazi niliyoipenda. Shimo lilichimbwa uani, mawe ya chokaa yaliyochomwa yakatiwa, maji yakamwagwa juu, na mara ikaanza kuchemka kama uji, moshi unatoka bila moto. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao siku hiyo, na shimo likafunikwa kwa mbao na mawe siku zote zilizofuata, kwa sababu chokaa inayozimwa inaunguza ngozi na ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Mzee hakukubali itumike mpaka wiki tatu zipite. Mafundi vijana walimwona anawachelewesha. Wiki ya tatu alichota kwa mwiko, akaugeuza mwiko chini juu, na chokaa haikuanguka, imeshika laini kama siagi.

Wakati chokaa inalala, ukuta wa chini ulikuwa uchi. Saruji yote ilibanduliwa kwa patasi, taratibu, kwani ilikuwa inataka kuondoka na mawe. Kusi ilipovuma, madirisha yakaachwa wazi mchana kutwa, na chumvi ikaendelea kutoka. Kazi ya mwanangu mkubwa ikawa kuifagia kila Ijumaa kwa brashi kavu na kuitoa nje kwa beleshi. Isioshwe, mzee alisisitiza, maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Juma la kwanza alijaza beleshi zima, na mwezi wa Septemba hata kiganja hakijai.

Kisha ikapigwa. Fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, mchanga uliooshwa, usiotoka pwani, maana wa pwani ungeturudishia chumvi ileile. Inapigwa nyembamba, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka inafunikwa kwa magunia mabichi isikauke haraka. Chokaa haigandi kama saruji; inakaza kwa kuvuta hewa, pole pole, na ukiiharakisha kwa jua inapasuka. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiyalowesha magunia asubuhi na jioni. Alianza kwa kununa. Siku moja nilirudi nikamkuta amesimama anaupapasa ukuta kwa mgongo wa mkono, akasema, "Njoo uone, ni baridi lakini si mbichi."

Boriti nne zilibadilishwa kwa mbao zilizotiwa dawa. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi bila ruhusa, na ni sawa isikatwe. Vichwa vya mbao havikujengewa kwa kubanwa kama zamani. Vimeachiwa nafasi ya upana wa kidole pembeni, hewa ipite. Dari inaonekana wazi kuwa ina miti saba ya zamani, ya duara na myeusi, na minne ya mraba. Hatukuificha.

Ngazi hatukuigusa. Kila aliyeiona alitaka kuisawazisha, lakini kuvunja vidato ni kuvunja ukuta unaovishika. Tulifunga kamba nene pembeni ya kushikia, tukapaka ncha za vidato chokaa nyeupe ili Bibi azione, na tukaweka taa mbili. Watoto walijifunza kwa wiki moja. Kidato cha saba ndicho kirefu, na wageni wote hujikwaa hapo mpaka mtoto wetu mdogo huwapigia kelele kutoka juu: "Saba hiyo!"

Chumba cha magharibi ghorofa ya pili bado kimefungwa. Kina ufa unaoanzia juu ya dirisha na kushuka mshazari, na mzee alikataa kuuziba. Aligandisha vipande viwili vya kioo chembamba kukatiza ufa, kimoja juu na kimoja chini, akaandika tarehe ukutani kwa penseli. Ukuta ukitembea, kioo kitakatika. Masika ya 2023 yalipita vyote vizima. Novemba, katikati ya vuli, kile cha juu nilikikuta kimekatika, ufa mwembamba katikati ya kioo kama uzi. Nilimpigia simu usiku uleule. Alikuja na mjukuu wake amemshika mkono, akakitazama, akagandisha kingine pembeni yake, akaandika tarehe nyingine, kisha akauliza kama nimesafisha mfereji kabla ya mvua. Nilikuwa sijasafisha. Kunguru walikuwa wamerudi.